Kostiki ipimwe kwa mzani, si kwa kikombe

Mhariri,

Vikundi vya akina mama na vijana hapa Kisumu hufundishwa sana kutengeneza sabuni ya maji. Mara nyingi mafunzo yenyewe ni kununua dukani Ungerol na Ufacid, kemikali za kusafisha zilizokwisha kutengenezwa kiwandani, kutia chumvi, rangi na marashi, kisha kukoroga pipani. Huko ni kuchanganya tu. Wakati huohuo mafuta yaliyokaangia mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyotolewa minofu) mtaani Obunga na chipsi za Kondele humwagwa mtaroni yakishakuwa meusi, na mitaro ya mji huu mwisho wake ni ziwani.

Mafuta hayo ni malighafi ya sabuni ya kipande. Wanakemia Paul Anastas na John Warner walipoandika misingi 12 ya kemia ya kijani, yaani kemia isiyochafua mazingira, mwaka 1998, wa kwanza ulikuwa kuzuia taka badala ya kuisafisha baadaye. Sabuni hii inaukaribia sana: mafuta yakiungana na kostiki (sodiamu haidroksaidi) hutoka sabuni na gliserini, na gliserini hubaki humohumo. Hakuna cha kumwaga, mradi vipimo viwe sawa. Hapo ndipo penye kasoro, kwa sababu kostiki inapimwa kwa kikombe.

Kilo 1 ya mafuta ya kukaangia hula takriban gramu 135 za kostiki. Tumia gramu 128, ili kinachozidi kiwe mafuta. Kikombe cha kostiki ya mabamba na kikombe cha kostiki ya punje havina uzito mmoja. Isitoshe, kostiki iliyoachwa mfuko wazi hunyonya unyevu na hewa ya ukaa, ikapungua nguvu. Mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja unatosha.

Kwanza chemsha mafuta na maji ya chumvi kiasi hichohicho, yaache yatulie usiku kucha, kisha uyaengue juu na kuyachuja kwa kitambaa; makombo ya unga na sehemu kubwa ya harufu hubaki chini. Pima gramu 300 za maji kwenye ndoo ya plastiki ngumu, kisha utie kostiki majini kidogo kidogo. Kamwe usimwagie kostiki maji: hufoka na kuruka usoni. Sufuria ya alumini isikaribie kabisa, maana kostiki huila na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Maji yakipoa hadi kuwa vuguvugu, yamimine kwenye mafuta na ukoroge mpaka mchanganyiko uwe kama uji mzito, tone likidondoshwa juu liache alama. Mimina kwenye kasha, kata baada ya siku 2, panga vipande penye hewa kwa wiki 4.

Mafuta yakielea juu, hukukoroga vya kutosha au kostiki ilipungua. Kipande kikivunjika kama chaki na kutoa chembe nyeupe, kostiki ilizidi. Kikwangue, ukipike upya kwa moto mdogo pamoja na maji na mafuta zaidi. Usijaribu kukiokoa kwa siki, kwani asidi huirudisha sabuni kuwa grisi. Mafuta yaliyokolea shahamu ya samaki hutoa sabuni laini inayovunda upesi, kwa hiyo changanya theluthi moja ya mafuta ya ng'ombe kutoka buchari.

Wapo wanaotaka kuikwepa kostiki kwa kutumia magadi. Magadi peke yake hayavunji mafuta. Hushika tu ile sehemu iliyokwisha kuoza, na utabaki na uji wa grisi. Jivu nalo ni hivyohivyo mpaka litiwe chokaa.

Sabuni hii ni ya nguo, vyombo na sakafu. Ya uso siipendekezi, hasa mafuta yakiwa yamekaangia samaki wiki nzima. Kabla ya kuuza, lowesha kipande na kukigusisha karatasi ya pH, inayopima ukali wa asidi au alkali: 9 hadi 10 ni sawa, 12 bado kina kostiki.

Wafadhili wanaonunulia vikundi mapipa na miko waanze na mzani, glavu na miwani ya kinga. Na pahali pa kazi pawe na mtungi wa maji safi, kwa sababu jicho lililorukiwa na kostiki huoshwa papo hapo, mfululizo, kwa dakika 20 au zaidi, huku gari la hospitali likitafutwa.

Mkufunzi wa kemia ya viwandani,
Kisumu