Barua kwa mwanangu kabla fundi hajaanza kuweka vigae

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Picha ya sebule yako ya Chanika nimeipata, pamoja na maneno yako kwamba fundi ataanza kuweka vigae Jumamosi, kwamba amepima kwa futi kamba akasema maboksi 10 yanatosha, na kwamba fedha iko tayari ila unasubiri kauli yangu. Kwa kuwa una jina la mama yangu, na kwa sababu hiyo tangu uzaliwe sijaweza kukugombeza sawasawa, nimeona heri nikuandikie kuliko kukupigia simu, maana kwenye simu ungenijibu "sawa baba" mara tatu kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Kauli yangu ni kwamba Jumamosi asianze.

Nimeikuza ile picha mpaka macho yakaniuma. Karibu na dirisha sakafu ina doa jeusi linalolingana na msala wa kuswalia, ilhali kwingine kote ina rangi ya majivu. Doa hilo ni maji. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba sakafu ya juu ya jamvi, yaani lile zege la chini, ilimwagwa wiki tatu zilizopita kwa unene wa sentimita 4, na kwamba mvua imeingia mara mbili kwa sababu madirisha hayajawekwa vioo. Wajenzi makini hukadiria siku 1 ya kukauka kwa kila milimita 1 ya unene wa sakafu ya saruji, kwa hiyo yako ilihitaji siku zisizopungua 40 hata kama isingenyeshewa. Ukiifunika sasa, unyevu utabaki chini ukitafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye viungo vya vigae tu. Baada ya miezi michache utaona unga mweupe wa chumvi juu ya grauti, ile saruji laini ya kujazia viungo, utaufuta, utarudi, na huku chini gundi haitakuwa imeshika inavyopasa.

Usiamini macho yangu wala ya fundi. Nunua nailoni nzito inayopitisha mwanga, kata kipande cha mita 1 kwa mita 1, kitandaze juu ya lile doa, na ukizibe pande zote nne kwa gundi ya utepe kiasi cha kutoruhusu hewa kupita. Kiache usiku na mchana mzima. Ukikifunua ukakuta matone upande wa chini, au sakafu iliyokuwa chini yake imegeuka nyeusi kuliko ya jirani, ngoja wiki nyingine ufanye tena. Wakati unangoja, chukua nyundo, igeuze, na kwa mpini wake gonga sakafu yote hatua kwa hatua, ukisikiliza. Palipo pazima hujibu kwa sauti nzito na fupi. Palipoachana na jamvi hujibu kama mtungi mtupu. Kila mahali pa namna hiyo pachorwe kwa chaki, pabomolewe na pamwagwe upya, na hili fundi atalipinga kwa sababu linamwongezea kazi ambayo hakuipangia bei. Mlipe.

Unajua kwa nini nimekuwa mtu wa kugonga sakafu. Mwaka 2014 ulikuwa shule ya bweni, kwa hiyo uliyasikia tu kwa mama yako, naye huyasimulia kwa kufupisha. Ilikuwa mchana wa mwezi wa pili, joto la Tanga lile unalolijua, tumekaa barazani, mara tukasikia mlipuko ndani. Mama yako alidhani mtungi wa gesi. Tulipoingia tukakuta vigae viwili vya katikati ya sebule vimeinuka vikaegemeana mithili ya paa la kibanda cha kuku, na mstari mzima upande wa kulia na wa kushoto umetuna. Hakuna mtu aliyekuwa amevikanyaga. Niliponyanyua kimoja kilinijia mkononi bila kubisha, nacho kwa nyuma kilikuwa safi kama siku kilipotoka dukani; chini yake yalikuwapo madonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, na baina ya madonge hayo upepo mtupu. Kisha nikatazama kwenye kuta. Yule fundi, ambaye simtaji kwa kuwa naye ana watoto, alikuwa amevibana vigae ukuta hadi ukuta, pande zote nne, akavibananisha vyenyewe kwa vyenyewe ili, kama alivyonieleza kwa fahari, mstari usionekane. Kigae kikipata joto hutanuka. Kutanuka kwake ni kudogo mno kwa kimoja, lakini vikipangwa kumi kwa mstari mmoja na ukuta ukavikatalia njia, vitapanda juu mahali viliposhikwa vibaya zaidi. Mimi nilikuwa nimekaa nje nikinywa kahawa siku zote tatu za kazi ile, kwa hiyo lawama hatukumwachia peke yake.

Kutokana na hayo, mwambie fundi wako mapema, mbele ya msaidizi wake, kwamba kati ya kigae na kigae kutakuwa na nafasi ya milimita 2 au 3 kwa kutumia zile spesa za plastiki, na kwamba kati ya kigae cha mwisho na ukuta kutakuwa na nafasi ya sentimita 1 hivi, tupu, isiyojazwa saruji. Nafasi hiyo itafunikwa na skatingi, ule mkanda wa vigae unaozunguka chini ya ukuta, na hakuna mgeni atakayeiona.

Sasa nije kwenye maboksi, na hapa nivumilie, kwa sababu miaka 31 ya kufundisha hesabu haiwezi kunitoka kwa kustaafu. Sebule yako ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3.6, yaani mita za mraba 14.4. Boksi la vigae vya sentimita 60 kwa 60 ulivyochagua lina vigae 4, ambavyo ni mita za mraba 1.44. Fundi amegawanya akapata 10, na kwa mgawanyo amepatia. Lakini vigae havimiminwi kama maji. Kwa urefu vitaingia vigae 6 vizima na kipande cha sentimita 38 hivi, na kipande hicho kitakatwa kwenye kigae kizima, kwa hiyo ni safu 7. Kwa upana ni vigae 6, ambavyo kwa ajili ya viungo na ile nafasi ya ukutani navyo havitaingia vyote vizima. Cha pembeni kitapunguzwa. Saba mara sita ni 42, wakati maboksi 10 yana vigae 40. Angekwama siku ya pili adhuhuri, ukatumwa dukani, ukauziwa boksi la toleo jingine.

Kuna skatingi pia. Mzunguko wa chumba ni mita 15.2; ukitoa mlango wa mbele na wa kuingilia korido, wa sentimita 90 kila mmoja, zinabaki mita 13.4. Vile vipande vinavyobaki kwenye safu ya saba, vyenye upana wa zaidi ya sentimita 20, visitupwe: kila kimoja hutoa mikanda miwili yenye kimo cha sentimita 9.5, na vikiwa sita unapata mita 7.2 za skatingi bila kununua kitu. Zilizosalia zitatoka kwenye vigae viwili. Jumla ni 44, sawasawa na maboksi 11, na hapo hakuna hata kimoja kilichovunjika, jambo ambalo sijapata kuliona. Nunua maboksi 12. Vitakavyobaki vihifadhi, kwa maana baada ya miaka mitano, mchi ukidondoka, kigae cha rangi ile hutakipata Kariakoo wala penginepo.

Ubavuni mwa kila boksi kumeandikwa namba ya toleo na ya kivuli cha rangi. Yafanye maboksi yote 12 yawe na namba moja, na uyakague dukani kabla hayajapakiwa kwenye guta. Muuzaji atakuambia rangi ni ileile. Chini ya taa ya dukani ni ileile kweli.

Fundi atapendekeza pia kuviloweka vigae kwenye pipa na kuviweka kwa saruji na mchanga. Hilo si kosa kwa kila kigae, na ndivyo tulivyozoea kuona. Chukua kimoja, ukigeuze, umwagie maji kidogo mgongoni. Kikiyanywa mara moja, ni cha udongo wa kawaida, na saruji kikilowekwa itakishika. Maji yakikaa juu kama yaliyo kwenye jani la mgomba, basi ni kile kigumu cha pozeleni, ambacho hunywa maji yasiyozidi nusu ya asilimia 1 ya uzito wake. Hicho hata ukilaze pipani wiki nzima hakibadiliki, na saruji tupu haina pa kukishika. Kinataka gundi yake maalumu. Haijalishi kimetengenezwa Mkuranga, Chalinze au kimeshushwa bandarini kutoka China. Mgongo ndio usemao. Mfuko wa gundi wa kilo 20 utakutosha takriban mita 4 za mraba, kwa hiyo minne. Ikishaanza kukaza ndooni asiiongezee maji ili kuilainisha, aitupe.

Siku ya kazi yenyewe ni fupi kuieleza kuliko kuifanya. Vipangwe vikavu kwanza, bila gundi, ili uone vipande vitaangukia wapi. Kwangu mimi vizima vianzie mlangoni, anapotazama mgeni, na vilivyokatwa viende ukuta wa makochi. Kabla ya mstari wa kwanza apige guni kwa kamba, yaani ahakikishe pembe ni mraba: mita 1.5 upande mmoja, mita 2 upande wa pili, na kati ya ncha hizo lazima apate mita 2.5 kamili. Akipata pungufu au zaidi, kuta zako hazina pembe mraba, na afuate kamba, asifuate ukuta. Gundi aitandaze kwa mwiko wa meno ya milimita 10, mistari yote ielekee upande mmoja, na mgongo wa kigae nao upakwe kidogo. Akishalaza cha tatu, mwombe akinyanyue. Atakushangaa. Ukikuta gundi imeenea mgongo mzima, mwache aendelee na umpe chai; ukikuta sehemu kubwa nyeupe, vitatu ni rahisi kuvirudia kuliko arobaini. Grauti isubiri saa 24, na mtu asipite juu ya vigae kabla ya hapo, hata wewe.

Bafu tutalizungumza nikija, ila usinunue vile vinavyong'aa kwa ajili ya bafu, kwa kuwa mimi nina miguu ya mzee na nitaoga humo.

Bibi yako, wajina wako, hakuwa na kigae hata kimoja. Sakafu yake ilikuwa ya niru nyekundu, na kila Alhamisi aliisugua kwa nta na kumbi la nazi, amepiga magoti, mpaka ukaliona dirisha ndani yake. Ufa ukitokea aliuona siku hiyohiyo. Chini ya vigae hutauona, ndiyo maana nimekusumbua kwa kurasa zote hizi juu ya kitu ambacho kuanzia mwezi ujao hakuna atakayekiona tena.

Mama yako anakusalimu na anauliza kama ile mikeka uliipokea. Weka nailoni leo usiku, unitumie picha kesho baada ya kuifunua, na uipige ukiwa umeinama, mwanga wa dirisha ukiwa mbele yako. Ikiwa kavu nitapanda basi la saa 12 asubuhi siku hiyo utakayokubaliana na fundi. Pima maji langu refu nimeshalifunga kwenye kanga ya zamani, na mwambie fundi kwamba mzee hatagusa kazi yake, atakaa mlangoni tu mpaka mstari wa kwanza umalizike.

Wako,
Baba