Kwa Zuhura, kuhusu mama wa Ngamiani

Chumbageni, Tanga
Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, hongera kwa kumaliza mitihani. Mimi niko wiki ya tano ya fildi, mafunzo ya vitendo, na kuna jambo limenikaa moyoni. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, maana wewe ni wa ukunga na mimi ni wa meno.

Majuzi nilimng'oa gego mama mmoja wa Ngamiani, muuza mihogo ya kukaanga. Jino lenyewe lilikuwa linacheza, halikunisumbua. Nikampa gozi ang'ate, nikamwambia asisukutue siku hiyo, akaenda zake. Siku ya saba karudi: shimo liko wazi, limefanya ukungu wa kijivu, na harufu inamtangulia. Nikainama kulisafisha, nikidhani nimeacha kipande cha mzizi. Kijana wa uuguzi aliyekuwa ananishikia taa ndiye aliyemwuliza, "Mama, usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?" Mama akasema hesabu hana. Na maji je? Jagi zima halifiki asubuhi. Kijana akamchoma kidole, kipimo cha sukari kikasoma 19. Kwa mtu mwenye dalili zile, hata 11 na ushee ingetosha kumwita mgonjwa wa kisukari.

Zuhura, somo hilo nalijua, nimelijibu kwenye mtihani. Sukari ikipanda kidonda hakifungi na fizi zinaachia meno. Na fizi zenye usaha nazo zinaifanya sukari iwe ngumu kushuka. Mama yule alikuwa na meno matatu yanayocheza, na mimi nikayaona matatu hayo, nisimwone yeye. Sikulala vizuri usiku ule.

Nimewaza sana kwa nini. Mwaka wa kwanza tulikaa ukumbi mmoja na wa udaktari na wa ufamasia, tukakariri mifupa ileile, na kengele ikilia kila kada inashika njia yake. Kukaa benchi moja siyo kusoma pamoja. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishalisema mwaka 2010 katika mwongozo wake wa mafunzo ya pamoja ya kada za afya: wanafunzi wa fani mbili au zaidi wajifunze kuhusu wenzao, kutoka kwao na pamoja nao. Hilo la "kutoka kwao" ndilo lililonishika. Alhamisi tu hii mfamasia alinisomea faili la mzee wa presha ambaye fizi zimefunika nusu ya meno. Kumbe nifedipini, dawa ya presha anayomeza, inaweza kuzivimbisha hivyo. Mimi nilikuwa nimeshaandaa vifaa vya kukwangua.

Lakini linaloniuma zaidi ni yale wanayoyaita meno ya plastiki, ambayo watu huamini ndiyo yanayomletea mtoto homa na kuharisha. Juzi nimeletewa mtoto wa miezi sita, fizi imechimbwa pande zote mbili. Alikuwa anaharisha na ana homa, bibi akaona uvimbe mweupe kwenye fizi, wakaenda kwa fundi wa mtaani anayeyang'oa. Uvimbe ule ni chonge la utotoni, bado liko ndani, lingetoka lenyewe baada ya mwaka. Wakalitoa, na chonge la ukubwani lililo chini yake huenda limeumia pia. Kilichomtesa mtoto kilikuwa kuharisha, na kilihitaji maji ya ORS.

Sasa nieleze, mimi mtoto huyu ningemwona wapi kabla? Kwetu wanakuja wakishaumia. Wewe unawashika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, wakija chanjo, mama na bibi wote wapo kwenye benchi. Maneno matatu yako pale yangeokoa fizi zile. Ila wewe nani alikufundisha chonge changa linavyoonekana? Na mimi nani alinifundisha kuzungumza na bibi bila kumvunjia heshima?

Nimemwomba msimamizi wangu, amekubali: siku mbili za wiki ijayo nitakaa kliniki ya mama na mtoto. Njoo, shoga yangu, likizo si ndiyo hii? Mimi nikuonyeshe fizi, wewe uongee na hao mabibi nikusikilize. Panda gari hadi Msata, hapo udake basi la Tanga, nitakupokea stendi ya Kange. Nijibu kabla ya Jumatano nimwambie mama mwenye nyumba.

Wako,
Rukia