Barua ya wazi kwa Bwana Mkurugenzi wa banki yangu: kikwembe cha tarehe 8 Machi bado ninacho

Bwana Mkurugenzi,

Pokea kwanza salamu zangu za heshima. Nimefika ofisini kwako mara tatu mwezi huu wa Agosti. Mara ya kwanza ulikuwa mkutanoni, mara ya pili ulikuwa Kinshasa, mara ya tatu mlinzi akanishauri niandike. Niliandika. Barua mbili zilipotelea kwenye gishe, kwa hiyo hii ya tatu naiweka mahali ambapo Lubumbashi nzima itaisoma, labda na wewe itakufikia.

Mimi ni mmoja wa akina mama mliotualika tarehe 8 Machi. Mlitupa kikwembe chenye alama ya banki, juisi, na kadi. Ulisimama wewe mwenyewe ukasema: "Mama anunue leo, banki itamngoja." Tukapiga vigelegele, mimi hadi sauti ikanikauka. Kikwembe nimekifua mara nyingi na hakijachuja. Kilichochuja ni neno lako.

Kijana wenu, mwenye adabu sana, alituambia hii ni kadi ya mkopo, utalipa polepole. Nikasaini kurasa 11 za Kifaransa. Ndani yake, nimekuja kuyaona sasa, mna maneno mawili: débit différé. Maana yake banki inakulipia mwezi mzima, halafu siku moja inakuja kuchukua yote kwa mkupuo. Hakuna polepole. Riba hakuna, kweli, lakini na muda hakuna.

Mtoto wa dada yangu anayekaa Liège alinicheka kwenye simu. Kule Ubelgiji, anasema, kadi nyingi ambazo watu huziita za mkopo ndivyo zilivyo, na kila mtu anajua tarehe ya kukatwa kama anavyojua siku ya mshahara. Ni kitu cha zamani: Diners Club ya New York mwaka 1950 ilianza hivyohivyo, unakula hotelini bila noti, mwisho wa mwezi unalipa bili nzima. Ile ya kubakiza deni na kulilipa kidogo kidogo kwa riba ni ya ukoo mwingine. Ilitoka California mwaka 1958, na leo tunaiita Visa. Sasa kadi yangu ina jina la Visa usoni na tabia ya Diners tumboni. Mshonaji wa Kamalondo angejuaje?

Maana mimi ni mshonaji, Bwana Mkurugenzi. Mwaka wangu una mwezi mmoja tu, ule wa kuelekea masomo kufunguliwa: shati nyeupe, sketi ya buluu, suruali ya buluu. Miezi mingine tunakula bukari ya zipu na viraka. Tarehe 27 Julai nilivuka Kasumbalesa nikaenda Lusaka kununua mashini mbili, nyuzi na vifungo. Nilipitisha kadi, ikakubali, nikamshukuru Mungu na wewe pia nikakutaja. Pamoja na komisioni ya kubadili kwacha ilikuwa dola 1,460. Nilijipigia hesabu kwamba nitaanza kulipa Septemba, wazazi wakishatoa pesa.

Tarehe 5 Agosti mkakata zote. Siku tisa tu! Kwenye konti kulikuwa na 610, mkazichukua, zilizobaki mkaziandika deni pamoja na penalite.

Nimekaa na kalenda usiku, umeme hakuna, natumia tochi ya simu, na hapa ndipo panaponiuma. Mwezi wenu unafungwa tarehe 31. Kama ningelala Lusaka siku tano zaidi, nikanunua tarehe 1 Agosti, deni lilelile lingekuja tarehe 5 Septemba. Mashini zilezile, kadi ileile, na ningekuwa na siku 35. Mtu mmoja angeniambia sentensi hiyo moja, kwa Kiswahili, nisingeandika barua hii. Kiswahili si lugha ya sokoni tu, Katiba yetu inakitaja kati ya lugha nne za taifa. Mbona siku ya vigelegele mlikijua vizuri? Pengine yule kijana analipwa kwa kuhesabu kadi anazogawa. Sijui, nawaza tu, na simlaumu, naye ana watoto.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni la Jumanne hii. Shule moja ya Katuba ilinitumia dola 900 za kununulia kitambaa cha uniforme 90. Zile si pesa zangu, ni za watoto wa watu. Ziliingia asubuhi. Mchana mlikuwa mmeshakata 888. Mliniachia dola 12. Nilikimbia kwenye gishe, dada akageuza kompyuta nione: "Mama, ulisaini." Niliporudi duka la vitambaa nikajaribu kadi, ikakataliwa mbele ya wateja, na mwenye duka, ambaye ananifahamu tangu nikiwa msichana, akaangalia pembeni ili nisione haya.

Mkuu wa shule amepiga simu mara nne. Bwana wangu haongei. Mashini mbili mpya zimekaa kimya zikinitazama.

Sikatai deni. Naomba mnirudishie zile 888, nilipe mara tatu, Septemba, Oktoba, Novemba, kama ulivyosema mbele ya watu wote. Naomba pia ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa mama atakayefuata, uandikwe tarehe ya kufunga na tarehe ya kukata. Hilo la ukurasa linaweza kungoja. Hata mara tatu, kama ni nyingi, iwe mbili. Kama 888 zinaisumbua banki, nirudishieni 450, nikate uniforme 45 nianze na watoto wadogo.

Mwenye duka ameniwekea kitambaa cha buluu hadi Jumatatu saa sita.

Wako kwa heshima,
Mshonaji wa Kamalondo, mteja wenu