Hivi nani ataimba kuhusu tozo?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na kila nikisikia watu wanalijadili naona wanalipitia juu juu tu. Kila siku tunaambiwa bongo fleva imeharibika kwa sababu vijana wa sasa hawana kichwa, wanaimba mapenzi tu kutwa kucha, sio kama wale wa zamani. Mi hiyo lawama siikubali hata kidogo. Vijana wapo na uwezo wanao, wengine wanachana vizuri kuliko wengi wa enzi zile. Ila kuna aina ya wimbo tumeipoteza na naona watu hawaisemi, ni wimbo wa kero. Sisemi wimbo wa kumtukana rais wala wa kumsifia rais, hizo bado zinatoka. Nasema wimbo unaoshika jambo moja dogo linalomuumiza mwananchi, unalieleza kama lilivyo, mpaka mhusika akiusikia huko aliko anajua hapa nimesemwa mimi.

Chukua Wagosi wa Kaya. Mkoloni na Dr John, vijana wa kwetu Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakatoa "Wauguzi", wimbo wa manesi basi, jinsi mama anayeenda kujifungua anavyopokelewa, kwa lafudhi ile ile ya kijiweni Tanga bila kujing'arisha, hakuna chama humo ndani, hakuna waziri. Na ukapigwa redioni nchi nzima! Mi nakumbuka shangazi yangu miaka hiyo anamuuguza mtu wodini, nesi akaanza kumfokea mbele za watu, shangazi akamjibu taratibu tu, "mwanangu usinifokee, nyie mmeshaimbwa." Nesi kanyamaza. Wodi nzima ikacheka, na nesi mwenyewe mwisho akacheka, na mgonjwa akabadilishiwa shuka. Shangazi hakuwa mwanasiasa, hata kura sina uhakika kama alikuwa anapiga, lakini wimbo ulimpa neno la kusema kwa mtu mwenye koti jeupe. Wakaja tena na wimbo wa trafiki, na ule nao kila dereva aliujua.

Au "Ndio Mzee" ya Professor Jay, 2001. Mgombea yuko jukwaani anaahidi mpaka kuwapeleka wanafunzi mwezini na watu wanaitikia tu ndio mzee. Hakutaja jina la mtu, hakuhitaji, maana kila jimbo lilikuwa na wake. Raha ya wimbo ule ni kwamba ulitusema na sisi tulioitikia, ndo maana ukadumu.

Sasa nini kilitokea. Watu wanakimbilia kusema serikali ilibana, na ni kweli ilibana, nitafika huko, lakini kuna kitu kilitangulia. Sugu, rapa mkongwe, aliingia bungeni 2010 kwa Mbeya Mjini, Professor Jay akaingia 2015 kwa Mikumi, wote Chadema. Ilikuwa haki yao kabisa na mi nilifurahi kuona mtu wa muziki wetu anaapishwa. Lakini kuanzia hapo ukilalamika kwenye beat watu wanakuuliza uko chama gani, ukiimba barabara mbovu wewe ni mpinzani, ukiimba dawa hakuna umetumwa. Kero ikavalishwa sare ya chama wakati barabara mbovu inamvunjia baiskeli mwana CCM na mwana Chadema sawasawa.

Halafu ikaja 2017. Machi 26 rapa Nay wa Mitego akakamatwa Morogoro kwa ajili ya wimbo wake "Wapo" uliokuwa unaikosoa serikali, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, wakaufungia, watu tukajua yameisha, kesho yake waziri Mwakyembe akatangaza kwamba rais Magufuli ameupenda wimbo, mtu aachiwe na wimbo upigwe. Siku ile wengi walishangilia. Mi sikushangilia, maana ukiangalia vizuri walichofundishwa wasanii siku ile ni kwamba wimbo wako unaishi au unakufa kutegemea mtu mmoja ameupendaje, na akiamka vibaya je? Hazikupita wiki mbili, rapa mwingine, Roma, akachukuliwa na watu wasiojulikana yeye na wenzake wakiwa studio hapo Dar, wakaonekana baada ya siku tatu wakiwa na majeraha. Baadae Roma akahamia Marekani. Februari 2018 Sugu akafungwa miezi mitano kwa maneno aliyoyasema kwenye mkutano wa hadhara, na alikuwa mbunge. Mwaka huo huo kanuni zikaweka kwenye maandishi kabisa kwamba msanii apeleke kazi BASATA ikaguliwe kabla haijatoka. Sasa we kijana wa miaka ishirini na moja umekopa hela ya studio, una beti mbili kuhusu mgambo wanaobeba masufuria ya mama ntilie, utaipeleka hiyo ikakaguliwe? Unaandika "baby nakupenda" unalala usingizi wako. Simlaumu.

Na pesa Mhariri, pesa imefanya kazi kuliko hata polisi. Zamani kampeni zilikuwa na watu wake, ilikuwepo bendi ya TOT ya Kapteni Komba, hiyo ilijulikana ni ya CCM na hakuna aliyedanganyika, mastaa wa mtaani wakabaki wa mtaani. 2010 tukasikia "Pii Pii" ya Marlaw, wimbo mzuri tu wa mtu aliyemmiss mpenzi wake, umegeuzwa wa kampeni. Ikaendelea hivyo mpaka 2020 ambapo karibu kila jina kubwa unalolijua lilikuwa juu ya jukwaa moja na fulana rangi moja. Kila mtu anakula kazini kwake, sawa, na mtu ana haki ya kukipenda chama anachokipenda. Ila jamani tuangalie hesabu yake, kampeni ni miezi miwili lakini ili uitwe kwenye hiyo miezi miwili inabidi ukae msafi miaka mitano mizima, usiseme umeme, usiseme maji, usiseme chochote kinachoweza kukumbukwa siku wanapopanga majina. Kwahiyo hela ya miezi miwili inanunua ukimya wa miaka mitano, hapo hakuna aliyetishwa wala kufungiwa wimbo.

Kuna na hili la soko la nje, staa wa sasa anataka apigwe Lagos na Johannesburg, na huko nani anamjua afisa mtendaji wa kata.

Sasa nirudi kwenye tozo. Julai 2021 ilipoanza ile tozo ya miamala ya simu nchi ilichemka, sio kina sisi tunaoandika barua, ni kila mtu. Nilikuwa nakaa kwa wakala pale napoishi nasikiliza tu, mama anatuma hela kwa mwanae yuko shule, anaangalia meseji ya makato, anairudia, anamuuliza wakala we umekula ngapi, wakala anaapa sio yeye, foleni yote inaanza kuongea, huyu anasema bora nitume kwa kondakta wa basi, yule anasema hela yangu inalipa nauli kuliko mimi. Yaani beti zilikuwa zinadondoka pale chini hazina mtu wa kuziokota. Kelele zikafanya kazi, ndani ya miezi miwili tozo ikapunguzwa asilimia 30. Na mi mpaka leo sikumbuki hit hata moja ya staa mkubwa kuhusu jambo lile, jambo lililogusa kila simu ya mkononi Tanzania nzima. Ukaja mgao wa umeme, kimya. Wafanyabiashara wa Kariakoo wakafunga maduka 2023, wakafunga tena 2024, kimya. Vilitoka vichekesho vingi TikTok na nilicheka kama wengine ila kichekesho kinaisha siku mbili, wimbo wa manesi una zaidi ya miaka ishirini na bado mtu anaukumbuka akiingia wodini.

Najua kuna atakayesema mbona kufungiwa kulikuwepo tangu zamani. Ni kweli. Marehemu Remmy Ongala alikataliwa Radio Tanzania na "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuwaambia watu watumie kondom wakati ukimwi unamaliza watu, lakini Remmy alikuwa na Super Matimila na alikuwa na ukumbi, redio ikikataa wikiendi watu wanalipa kiingilio wanaenda kumsikia mwenyewe akiuimba, na leo pale Sinza kituo cha daladala kina jina lake. Na kabla yake sana Siti binti Saad kule Unguja aliimba kisa cha Kijiti, mwanamke kauawa, muuaji katoroka, waliotoa ushahidi ndo wakafungwa, na alikuwa anaimba hayo chini ya wakoloni. Wote hao walitegemea watu waliokaa mbele yao. Msanii wa leo hana ukumbi, ana shoo, na shoo inataka kibali na inataka mdhamini, mdhamini ni kampuni ya simu au ya bia ambayo haitaki kugombana na mtu. Kwahiyo ukiniambia YouTube iko wazi kila mtu anaweza kuposti nakuelewa, ila YouTube haimlishi huyo kijana, kinachomlisha ni shoo.

Wakenya wametuzidi kidogo, tangu "Nchi ya Kitu Kidogo" ya Eric Wainaina, wimbo wa rushwa. Ila hata wao Juni 2024 vijana walipojaa barabarani kuukataa muswada wa fedha, wimbo waliokuwa wanaucheza ni "Anguka Nayo" ambao ni wa kucheza tu. Uliwapa nguvu na mi niliupenda, lakini ule muswada ulitaka kuweka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, na mtoto atakayezaliwa kesho akiusikia ule wimbo hatajua habari ya mkate.

Ninachoomba ni vitu vichache na vinawezekana. BASATA waache habari ya kukagua wimbo kabla haujatoka, kama kuna aliyetukanwa mahakama zipo aende. Watangazaji nao, nyie mnaotuambia asubuhi "tuma kero yako tuisome hewani", mnasoma meseji kumi za maji na barabara kisha mnaweka wimbo wa mapenzi, kwanini kero isomwe tu na isiimbwe? Na sisi wasikilizaji tukome kumuuliza msanii ametumwa na nani kabla hatujasikiliza ubeti wa kwanza.

Tena kuna vijana watatu mtaani napoishi sasa wana wimbo kuhusu mita ya maji inayosoma upepo, bomba linakohoa siku tatu tone hamna, mwisho wa mwezi bili inakuja imenona. Ubeti wa pili wanahesabu ndoo za kununua na bei ya kila ndoo mpaka jumla inapita bili yenyewe, na hesabu yao ni sahihi nimeipiga mwenyewe kwa simu. Wamepeleka vituo viwili vya redio, kote wameambiwa beat kali sana ila ubeti wa pili watoe. Wamekataa kuutoa. Mi ninao kwenye simu, kama kuna mwandishi wako yeyote anataka kuusikia namtumia leo leo.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Mtoto wa Tanga