Taasisi ya hisabati isipimwe kwa wingi wa makala

Mhariri,

Ripoti za mwaka za taasisi za utafiti wa hisabati hujaa idadi: warsha, wageni, makala zilizochapishwa. Kipimo hicho hakitoshi. Mwanahisabati Mwingereza Andrew Wiles alifanya kazi kimyakimya kwa takriban miaka 7 kabla ya kutangaza uthibitisho wa nadharia ya mwisho ya Fermat, dai la hisabati la karne ya 17 ambalo hakuna aliyekuwa ameweza kulithibitisha, Juni 1993, katika Taasisi ya Isaac Newton huko Cambridge. Hata hapo likaonekana pengo, ambalo yeye na mwanahisabati mwenzake Richard Taylor waliliziba mwaka 1994. Ripoti za miaka ile ya kimya zingeandika nini kuhusu Fermat? Sifuri.

Napendekeza kila ripoti itenge kurasa za maswali yaliyokwama na njia zilizoshindikana, ili mtafiti mwingine asipotelee humohumo. Wafadhili nao watoe fedha za miaka 5, si mmoja.

Msomaji wenu