Kaka yako anatoka hospitali Alhamisi

Mwanangu mpendwa,

Uliponiambia kaka yako, askari kama baba yake, anaruhusiwa Alhamisi baada ya matibabu ya uraibu wa heroini, na kwamba atafikia kwako, machozi yalinitoka kwa furaha. Usiku sikulala. Naandika kwa sababu kwenye simu nasahau nusu ya maneno.

Baba yako aliporudi kutoka hospitali mara ya kwanza ulikuwa mdogo mno kukumbuka. Nilijaza nyumba watu. Kila mmoja alimuuliza habari za vita. Yeye kaegemea ukuta, macho hayabanduki mlangoni, vidole vinachezea kifungo cha shati mpaka uzi ukakatika. Siku ya tatu alirudi amelewa, nikamlaumu. Hospitali walimtoa pombe mwilini, ila majinamizi alirudi nayo yote, na hakuna aliyemuuliza kama analala. Alikuwa akinywa ili asiote. Hayo mawili hutibiwa pamoja, na mimi nilichelewa kulijua hilo.

Basi wageni wasubiri. Na ukimsikia akipiga kelele usingizini, usimshike. Simama mlangoni umwite kwa jina.

Ninaloliogopa zaidi ni hili, lisome mara mbili. Kaka yako alianza na vidonge vya maumivu ya mgongo, akaishia kwenye heroini. Wiki zote hizi wodini mwili wake umeizoea hali ya kukosa. Kiasi ambacho zamani alitumia akatembea, leo kinaweza kumkata pumzi. Hatari ya kufa ni kubwa mno katika wiki za kwanza baada ya kutoka. Kabla hamjaondoka, waombe wauguzi naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na heroini, wakuonyeshe inavyotumika. Ukimkuta haamki, midomo imebadilika rangi, anakoroma vibaya au pumzi zinakuja moja moja, mpe hiyo, ita msaada wa dharura, na kama hapumui mpulizie hewa mdomoni. Akianza kupumua mlaze ubavu. Nguvu ya naloksoni huisha baada ya dakika 30 hadi 90, nayo heroini yaweza kuwa bado imo mwilini, kwa hiyo hata akiamka na kuapa yuko salama, aende hospitali. Iweke mahali anapoiona. Mwambie ipo.

Watakuja watu kukwambia methadoni, dawa ya kliniki anayopewa mtu badala ya heroini, ni ulevi uleule umebadilishwa jina. Hata mimi niliwahi kusema hivyo, na ninajuta. Dozi iliyopimwa vizuri humwondolea arosto, yale mateso ya kukosa heroini, akaweza kukaa, kula na kufanya kazi, na wanaoendelea nayo hufa wachache kuliko wanaoikatiza. Asiiache kwa maneno ya mtu yeyote, na asiichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi. Uliza miadi ya kwanza ya kliniki ni lini. Ikiwa mbali, omba ya karibu, kisha mpeleke mwenyewe.

Kuna jambo lililonipa moyo. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorejea kutoka Vietnam mwaka 1971. Wengi wa waliokuwa waraibu wa heroini kule hawakuurudia uraibu walipofika nyumbani. Mahali palibadilika, na watu pia. Ndiyo maana nimefurahi anakuja kwako na si chumba kile cha zamani. Msaidie abadilishe namba ya simu pia.

Mtafutieni kikundi cha askari wenzake waliopata nafuu. Atawaambia wao mambo ambayo mimi na wewe hatutayasikia kamwe, usione wivu. Baba yako miaka yote hakunieleza lolote, lakini kutoka kwenye kikundi alikuwa akirudi mabega yameshuka.

Akiteleza, asiogope kukuambia. Mwambie hilo mapema, siku ileile ya Alhamisi, akiwa mzima na akikuangalia usoni. Anayetumia kwa kujificha hufa peke yake chooni.

Mimi nitakuja baada ya wiki mbili. Alhamisi jioni nitapiga simu tu, nimuulize kama amekula, na kama kitanda chako kinatosha ile miguu yake mirefu.

Mama yako