Kufyonza kaboni: Ziwa Victoria haliiwezi kazi ya bahari

Mhariri,

Kila biashara ya hewa ya kaboni inapozungumziwa hapa Kisumu, hakosi mtu wa kusema kwamba Ziwa Victoria nalo litatufyonzea kaboni dioksidi kama bahari. Halitaweza, na linaloliangusha ni chumvi na kina.

Bahari humeza takriban robo ya kaboni dioksidi tunayoitoa kila mwaka. Sehemu kubwa ya gesi ikishaingia majini hukutana na kaboneti, mojawapo ya chumvi zilizoyeyuka humo, na kugeuka bikaboneti, ambayo yenyewe haiwezi kupaa hewani. Maji ya ziwa letu, yasiyo ya chumvi, yana kaboneti chache mno. (Ziwa Nakuru, kwa sababu ya magadi yake, linazo nyingi kushinda bahari, ila kina chake ni mita chache tu.) Hata baharini akiba hiyo hupungua: kadiri gesi inavyoingia, ndivyo inayofuata inavyopata kaboneti haba. Gesi hiyo pia huongeza asidi: tayari pH ya maji ya juu (kipimo kinachoshuka asidi ikizidi) imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi 8.1 tangu viwanda vianze.

Kizuizi kikubwa zaidi ni mwendo wa kwenda chini. Maji ya juu hulingana na hewa katika muda wa kama mwaka mmoja, na baada ya hapo hayana nafasi kubwa ya gesi zaidi mpaka yazame. Nayo huzama mahali pachache, kama karibu na Greenland na kuzunguka Antaktika, ambako baridi na chumvi huyafanya mazito. Kutoka huko hadi yaenee vilindini na kurudi juu ni karne nyingi. Wastani wa kina cha bahari ni karibu mita 3,700. Wa Ziwa Victoria ni mita 40. Juu ya hayo, gugumaji na taka zinazoletwa na mto Nyando zikioza huitoa gesi upya.

Kaboni ya binadamu haifiki asilimia moja ya kaboni yote iliyoyeyuka baharini, kwa hiyo haipimiki kirahisi. Wataalamu hufuata gesi za friji za CFC, zilizoanza kutengenezwa kwa wingi miaka ya 1930: maji yaliyo nazo yaligusa hewa baada ya hapo, na hivyo yaliweza kumeza kaboni yetu. Sampuli ya CFC huchotwa kabla ya nyingine zote, kwani hewa ya melini ikiingia kwenye chupa, kipimo kimeharibika. Ya kaboni hutiwa chumvi ya zebaki kidogo ili kuua vijidudu, la sivyo vitaendelea kupumua humo na kuongeza kaboni isiyotoka baharini. Kwa kazi ya namna hiyo ilikadiriwa kwamba hadi 1994 bahari zilikuwa zimebeba tani bilioni 118 za kaboni yetu. Vipimo vya baadaye viliongeza bilioni 34 kufikia 2007.

Wanaoitegemea robo hiyo wakumbuke pia kwamba mlango huo hufunguka pande zote mbili. Siku gesi itakapopungua angani, maji ya juu yataanza kuachilia sehemu ya yaliyomeza.

Mwalimu wa kemia,
Kisumu